Adabu ya Kumjibu Mwalimu

Bwana Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu mliofika, na nyinyi wanafunzi mliojazana huko nyuma karibu na mlango: assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Nimetakiwa nizungumze juu ya wataalamu na washairi wa Kiajemi. Nimepewa dakika 40, na mada yenyewe ina zaidi ya miaka 1,000. Nikianza kuwataja mmoja mmoja, fulani kazaliwa wapi, fulani katunga nini, mtasinzia kabla hatujafika Nishapur. Kwa hiyo wengi nitawaruka. Rumi nitamwacha kabisa, na wapenzi wake wanisamehe. Huyo hakosi wa kumsemea. Nimekuja na jambo moja tu, nalo ni namna watu hawa walivyokuwa wakiwajibu walimu wao.

Najua mkubwa akisikia hivyo anakunja uso. Sisi tumelelewa kwamba mtoto hamjibu mkubwa. Chuoni tulikaa mkekani, maalim akasoma, tukafuatisha, na ukiuliza kwa nini, bakora ndiyo iliyojibu. Sitakisema vibaya chuo. Niliyoyahifadhi pale ninayo mpaka leo, na mengi ya skuli yamenitoka. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, na kila mwaka nawaona vijana wananakili kila kilicho ubaoni, na hata mmoja haniulizi kimetoka wapi. Wanadhani wananiheshimu.

Kwanza tuwekane sawa ni watu gani ninaowasema, maana ramani ya leo itatupoteza. Ibn Sina alizaliwa karibu na Bukhara, na Biruni alizaliwa Khwarazm. Kote huko leo ni Uzbekistan. Balkh imo Afghanistan. Shiraz, Isfahan, Tus na Nishapur ndizo zilizobaki Iran. Na vitabu vyao vingi vya elimu waliviandika kwa Kiarabu, lugha ya wasomi wa zama zile kutoka Andalusia hadi Asia ya Kati. Biruni, ambaye nyumbani kwao hakikusemwa Kiarabu wala Kiajemi bali Kikhwarazm, alifika kusema kwamba ni afadhali atukanwe kwa Kiarabu kuliko asifiwe kwa Kiajemi. Iran wanamdai ni wao hata hivyo, na Uzbekistan nao wanamdai. Kwetu hapa watu hawa si wageni: aliyesoma hadithi kakutana na Bukhari wa Bukhara, Muslim wa Nishapur na Ibn Majah wa Qazvin, na yeyote aliyeteswa na nahau ya Kiarabu amlaumu Sibawayhi, mwana wa Uajemi aliyewapangia Waarabu kanuni za lugha yao wenyewe.

Tuanze na daktari. Muhammad ibn Zakariya al-Razi alikuwa mtu wa Ray, mji ambao siku hizi umemezwa na Tehran. Aliishi takriban kati ya mwaka 865 na 925, akaongoza hospitali kwao Ray, kisha Baghdad. Aliandika kijitabu juu ya ndui na surua, akaeleza namna ya kuyatambua maradhi hayo mawili: maumivu ya mgongo ni dalili ya ndui zaidi, wasiwasi na kichefuchefu ni dalili ya surua zaidi. Hayo huyajui kwa kusoma peke yake. Unayajua kwa kukaa ubavuni mwa kitanda cha mgonjwa, na cha mwingine, na cha mwingine.

Sasa, tiba yote ya zama hizo ilisimama juu ya mtu mmoja: Galen, Mgiriki wa karne ya 2, ambaye Waarabu walimwita Jalinus. Aliyesema "Jalinus kasema" alikuwa amemaliza mjadala. Razi mwenyewe aliyajua maandishi ya Galen kwa kina. Halafu akaandika kitabu kizima, na jina lake kwa lugha yetu ni Shaka juu ya Galen.

Utangulizi wa kitabu hicho ndio ulionifanya nikubali kuja hapa leo. Razi anasema inamuuma kumpinga mtu huyu, kwa kuwa hakuna aliyemfaa kuliko yeye. Kwake ndiko alikojifunzia, na anajiona kama mtumwa mbele ya bwana wake. Lakini, anasema, tiba ni aina ya falsafa, na falsafa haimruhusu mtu kuwasalimia amri wakubwa na kuyameza maneno yao bila hoja. Kisha anaongeza kwamba Galen mwenyewe asingependa wanafunzi wa kufuata tu. Galen naye aliwapinga waliomtangulia. Baada ya hapo anaingia kazini, hoja baada ya hoja.

Angalieni mpangilio. Kwanza anakiri deni, tena kwa maneno mazito. Pili anasema kwa nini deni hilo halimfungi mdomo. Tatu anapinga. Wengi wetu tunaijua hatua moja tu kati ya hizo: ama tunakiri deni mpaka tunakuwa chawa, ama tunapinga bila kujua tunampinga nani. Razi alipokufa aliacha madaftari makubwa, wanafunzi wakayakusanya yakawa kitabu kiitwacho al-Hawi. Ndani yake unaona utaratibu ule ule: ananukuu Galen kasema nini, fulani kasema nini, wote kwa majina, halafu anaweka alama kwamba yanayofuata ni yake. Vijana mnaoandika insha kwa kunakili simu, jaribuni hilo la majina kwanza.

Baada ya Razi tunakuja kwa vijana wawili, na hapa adabu inapungua kidogo. Abu Rayhan al-Biruni alizaliwa mwaka 973, Ibn Sina mwaka 980. Karibu na mwaka 1000 waliandikiana barua. Biruni, ambaye hata miaka 30 hajaifikisha, alimpelekea Ibn Sina, mdogo wake kwa miaka 7, maswali 18. Maswali 10 ya kwanza yalikuwa yanamshambulia Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, juu ya mbingu. Kwa nini Aristotle anakataa kwamba huenda kuna ulimwengu mwingine zaidi ya huu? Kwa nini anategemea yaliyosemwa na watu wa kale, kana kwamba ukale wa rai ni ushahidi? Maswali 8 yaliyobaki yalikuwa yake mwenyewe, ya mambo ya maumbile. Moja lilikuwa hili: mnasema vitu hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, basi mbona chupa iliyojaa maji, maji yakiganda, inapasuka? Yeyote aliyesahau chupa ya maji kwenye friza anajua Biruni alikuwa anauliza nini.

Ibn Sina alijibu yote, moja baada ya jingine, akimtetea Aristotle. Biruni hakuridhika, akarudisha mapingamizi, na kauli zikaanza kuwa kali. Safari hiyo Ibn Sina hakujibu mwenyewe. Alimwachia mwanafunzi wake, al-Ma'sumi. Hapo mnaweza kusema ni kiburi, mnaweza kusema ni malezi mema ya mwanafunzi. Mimi nasema ni yote mawili.

Kiburi cha Ibn Sina kina kisa chake, na siwezi kukiacha, kwa sababu kimesimuliwa na mwanafunzi wake mwenyewe, al-Juzjani, aliyekuwa naye miaka mingi. Huyu Ibn Sina ndiye aliyeandika Kanuni ya Tiba, vitabu 5 vilivyosomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya mpaka karne ya 17. Amekuwa waziri Hamadan, amefungwa gerezani, ametoroka, sasa yuko Isfahan barazani kwa mtawala Ala al-Dawla. Siku moja likazuka suala la lugha ya Kiarabu, Ibn Sina akasema lake. Alikuwepo bingwa wa lugha, Abu Mansur al-Jabban, akamgeukia akamwambia: wewe ni mwanafalsafa na tabibu; kwenye lugha hukusoma kiasi cha sisi kukusikiliza.

Ibn Sina hakusema kitu. Alikwenda akajifungia na vitabu vya lugha kwa miaka 3, akaagiza mpaka kitabu kutoka Khurasan. Kisha akatunga kasida 3 zilizojaa maneno adimu, akaandika na barua 3, kila moja kwa mtindo wa mwandishi mashuhuri wa zamani. Akaziweka katika jalada, jalada akalisugua mpaka likachakaa. Halafu akamwomba mtawala amwonyeshe Abu Mansur, aseme kitabu hiki tumekiokota jangwani tukiwinda, hebu tufafanulie kilichomo. Maskini Abu Mansur akasoma, akakwama huku, akakwama kule. Kila alipokwama Ibn Sina akimwambia: neno hilo liko katika kitabu fulani, mahali fulani. Mwisho yule bwana akaelewa nani kaandika na kwa nini, akaomba radhi.

Kisa hiki huwa kinasimuliwa kwa kumsifu Ibn Sina. Mimi huwa namwonea huruma Abu Mansur, aliyesema kweli siku aliyoisema. Lakini tazameni ushindi umepatikana vipi: miaka 3 ya kusoma, kwa ajili ya maneno ya dakika moja. Leo tukiambiwa hujui, tunajibu papo hapo.

Na huyo Ibn Sina naye akaja kujibiwa. Miaka 21 baada ya kufa kwake, mwaka 1058, alizaliwa Tus mtu ambaye masheikh wetu hawamwiti ila kwa kumrehemu: Imam Ghazali. Wengi hapa mnamjua kwa kitabu chake, Ihya. Aliposomesha Baghdad alikuwa na wanafunzi 300, na katika nyakati zake za mapumziko, peke yake bila mwalimu, alikaa karibu miaka 2 kusoma falsafa, kisha karibu mwaka mwingine kuitafakari. Sababu yake ameieleza waziwazi: kuipinga rai kabla hujaifahamu ni kurusha mshale gizani.

Kabla ya kuandika kitabu cha kuwapinga wanafalsafa, Tahafut, kilichokamilika mwaka 1095, aliandika kingine cha kueleza wanafalsafa wanasema nini. Akakieleza vizuri, kwa uadilifu, bila kuwakejeli. Kitabu hicho kikatafsiriwa kwa Kilatini, na wasomi wa Ulaya wakakisoma karne nzima na zaidi wakidhani Ghazali ni mfuasi mwaminifu wa Ibn Sina. Nani kati yetu anaweza kumweleza mpinzani wake namna hiyo? Hebu mjaribu kesho barazani, mtu wa chama hiki aeleze msimamo wa chama kile mpaka wasikilizaji wadhani ni wa kule.

Jambo jingine la Ghazali, na hili nalisema kwa walimu wa dini waliopo, kwa heshima. Mwanzoni mwa kitabu hicho hicho cha kupinga, anataja kupatwa kwa jua na mwezi. Anasema wanafalaki wana ushahidi wa hesabu usioacha shaka juu ya sababu yake, na anayedhani kulikanusha hilo ni kuitetea dini, basi anaidhuru dini. Alipinga masuala 20, ila alijua la 21 si la kupinga.

Tus hiyo hiyo ndiko alikotoka Nasir al-Din al-Tusi, aliyezaliwa 1201. Maisha yake yana mengi ya kubishaniwa: alikaa miaka kwenye ngome za Waismaili, Wamongoli walipoiangusha Alamut mwaka 1256 akaingia katika utumishi wa Hulagu, kiongozi wa Wamongoli hao, na Baghdad ilipoteketezwa mwaka 1258 yeye alikuwa upande wa waliochoma. Wapo wasiomsamehe, nami siwalaumu. Mwaka uliofuata, 1259, alianza kumjengea Hulagu kituo cha kutazamia nyota huko Maragha.

Mwalimu wa kujibiwa hapo alikuwa Ptolemy, mwanafalaki wa Kigiriki wa kale, ambaye kwa zaidi ya miaka 1,000 ndiye aliyekuwa neno la mwisho juu ya sayari. Ptolemy alishikilia kwamba mbinguni kila kitu huzunguka kwa mwendo sawa, lakini hesabu zilipokataa, akausawazisha mwendo huo kuzunguka nukta ambayo si kitovu cha duara. Tusi hakuvumilia. Alichora duara dogo likizunguka ndani ya duara kubwa lenye kipenyo mara mbili yake, na akaonyesha kwamba nukta iliyo ukingoni mwa lile dogo itakwenda na kurudi juu ya mstari ulionyooka. Kwa miduara mitupu akapata mstari, na kwa mstari huo akaanza kurekebisha hesabu za sayari. Mchoro wa aina hiyo hiyo unaukuta katika kitabu cha Copernicus, mwanafalaki wa Ulaya, cha mwaka 1543. Ulifikaje kwake, wanahistoria bado wanabishana.

Katika mkondo huo huo alikuwepo Kamal al-Din al-Farisi. Aliuliza juu ya namna macho na mwanga vinavyofanya kazi, na mwalimu wake, Qutb al-Din al-Shirazi, badala ya kumjibu alimtafutia kitabu cha Ibn al-Haytham wa Basra, akamwambia soma. Farisi akakisoma, akakifafanua chote, na alipofika kwenye upinde wa mvua akaona maelezo hayatoshi. Akachukua tufe la kioo, akalijaza maji liwe ndilo tone la mvua, akalitia chumba cha giza mwanga wa jua ukaingia. Akaona mwanga unapinda ukiingia, unaakisiwa ndani, unapinda tena ukitoka. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa karne ya 14. Walimu wa fizikia, chupa ya mviringo ya maabara inatosha. Maji tunayo, na giza wakati wa mgao wa umeme tunalo pia.

Omar Khayyam nimemweka hapa makusudi, ingawa ni wa zamani zaidi. Duniani anajulikana kwa ruba'i, beti za mvinyo na mauti, ambazo nyingi haijulikani kama ni zake. Nishapur ya wakati wake, alipozaliwa mwaka 1048, ilimjua kwa mengine. Aliipanga milinganyo ya kipeo cha tatu katika aina 14, akatatua kila moja kwa kukatanisha parabola, hiperbola na duara. Lakini alitaka pia njia ya hesabu tupu, bila michoro, na hakuipata. Akaandika hivyo hivyo kwamba hatukuipata, na huenda atakayekuja baada yetu ataipata. Ilipatikana Italia, ikachapishwa mwaka 1545. Karibu miaka 500 mlango uliachwa wazi na mwenye nyumba.

Halafu kuna kalenda, na hapa tunaingia nyumbani. Mwaka wa Waajemi wa kale ulikuwa na miezi 12 ya siku 30, ukiongeza siku 5: jumla 365. Jua linadai karibu robo ya siku zaidi. Ukiidhulumu robo hiyo, kila miaka 4 umepoteza siku, na kila miaka 120 umepoteza mwezi mzima. Kwa hiyo Nauruzi, siku yao ya mwaka mpya iliyotakiwa kufungua majira ya machipuo, ilikuwa ikitembea. Sultani Malik Shah aliwakusanya wanafalaki Isfahan, Khayyam akiwamo, na mwaka 1079 wakaifunga Nauruzi kwenye siku ambayo usiku na mchana hulingana mwezi Machi. Kalenda ya Iran ya leo inafuata msingi huo.

Lakini mwaka uliokuja na majahazi hadi pwani yetu ulikuwa ule wa kale, wa siku 365, usio na marekebisho. Wazee wetu wakauhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua kwa huo lini pepo zitageuka na lini kupanda. Ndiyo maana Nauruzi ya Tehran ni tarehe 20 au 21 Machi, na Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, kusini mwa Unguja, ni Julai. Robo siku zimejilimbikiza. Tulimheshimu mwalimu mpaka tukaitunza na hitilafu yake! Na mwenye kufikiri kwamba nataka Makunduchi wahamie Machi hajanielewa. Sina ugomvi na watu wa Kusini, hasa wakiwa na migomba ya kupigana mikononi siku ya sherehe.

Washairi nao nimeambiwa nisiwasahau. Hao waliwajibu zaidi wafalme kuliko walimu. Ferdowsi, naye wa Tus, alitumia zaidi ya miaka 30 kutunga Shahnameh, beti karibu 50,000, akaimaliza mwaka 1010 na kuipeleka kwa Sultani Mahmud wa Ghazna. Mwandishi wa karne iliyofuata, Nizami Aruzi, anasimulia kwamba malipo yalikuja kidogo, tena sarafu za fedha, si dhahabu, Ferdowsi akaingia hamamu, akanywa kinywaji, na pesa zote akamgawia mhudumu wa hamamu na muuza kinywaji. Kisa hicho kimepambwa, naamini, lakini watu hawampambi hivyo mshairi wasiyempenda. Hafez wa Shiraz aliishi chini ya Mubariz al-Din, mtawala aliyefunga vilabu vya mvinyo na kusimamia uchaji wa watu kwa upanga. Hafez hakumtaja jina. Alimwita muhtasibu, mkaguzi wa soko, na mji mzima ukaelewa. Mwaka 1358 Mubariz al-Din aliangushwa na mwanawe mwenyewe, akapofolewa macho. Muyaka wa Mombasa, aliyewarushia wapinzani mafumbo kutoka upande wa pili wa bahari hii, angekaa na Hafez baraza moja bila mkalimani wa dhamiri.

Mmeona orodha yangu ni ya wanaume watupu. Basi nimtaje mmoja asiyekuwa hivyo, naye ni wa juzi. Maryam Mirzakhani alizaliwa Tehran mwaka 1977. Alipoingia skuli ya kati, mwalimu wake wa hesabu hakumwona kuwa ana kipaji, na msichana akakata tamaa ya hesabu mwaka mzima. Mwaka uliofuata alipata mwalimu mwingine, akafufuka. Alipokuwa sekondari yeye na rafiki yake walimwendea mkuu wa skuli wakadai madarasa ya kutatua maswali magumu kama yale ya skuli za wavulana. Mama yule aliwasikiliza, akayaanzisha, na kwamba hakuna msichana aliyewahi kuingia timu ya Iran ya Olimpiadi ya Hesabu hakukumtisha. Mwaka 1994 Maryam alipata medali ya dhahabu, mwaka 1995 akapata nyingine kwa alama zote bila kukosa hata moja. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Medali ya Fields, tuzo ya juu kabisa ya hesabu. Alifariki mwaka 2017, ana miaka 40. Mimi humfikiria sana yule mwalimu wa kwanza.

Wa mwisho ni Jamshid al-Kashi, mtu wa Kashan. Ndiye aliyekokotoa pai hadi desimali 16 mwaka 1424, na kipimo alichojiwekea kilikuwa hiki: duara lenye ukubwa wa mbingu nzima, kosa la mzingo wake lisizidi unene wa unywele wa farasi. Ulaya ilimpita mwishoni mwa karne ya 16. Lakini leo nataka barua zake. Alikuwa Samarkand, katika kundi la wanahesabu wa mtawala Ulugh Beg, na aliandika kwa Kiajemi kwa baba yake aliyebaki Kashan. Ni barua za mtoto yeyote aliye mbali: hapa wote wananijaribu, nimewashinda, usiwe na wasiwasi. Anajisifu bila haya.

Kati ya majigambo hayo anamweleza baba yake desturi ya Ulugh Beg darasani. Mtawala huyu, ambaye neno lake lingeweza kukata kichwa, alikataza mtu kumkubalia katika suala la elimu kabla hajalielewa sawasawa. Aliyekubali kwa ajili ya kumpendeza alikaripiwa: unanihesabu mimi mjinga. Na wakati mwingine, anaandika Kashi, alikuwa akiliweka mbele yao suala la uongo makusudi. Akitokea wa kuitikia kwa adabu, analirudia suala lile mbele ya wote na kumwaibisha.

Ulugh Beg aliuawa mwaka 1449 kwa amri ya mwanawe, na kituo chake kikafukiwa mpaka mabaki yalipofukuliwa mwaka 1908. Huo ni msiba wake. Desturi yake hata hivyo haihitaji mnara wala sultani, bali chaki.

Kwa hiyo nimekubaliana na mkuu wa skuli, na yeye anitazame kama nasema uongo. Kuanzia Jumatatu, katika madarasa yangu ya kidato cha tano, kila wiki nitaandika ubaoni kosa moja la makusudi. Sitasema siku gani wala somo gani. Atakayelikamata lazima atimize masharti ya Razi: aseme kwanza kanuni inasemaje na kaitoa wapi, kisha aonyeshe nilipoiacha. Kupiga kelele "maalim umekosea" hakutoshi. Walimu wengine wanaotaka kuingia katika mchezo huu tukutane chumba cha walimu baada ya kipindi cha mwisho, na wa fizikia waje na ile chupa.

Dakika zangu zimebaki chache, nazo ni za maswali. Kawaida yetu huanza wageni wa mbele. Leo naomba ruhusa ya Mwenyekiti tuanzie nyuma, pale mlangoni. Wewe dada mwenye daftari la kijani, umeandika muda wote na mara mbili umetikisa kichwa. Simama, tuambie wapi hukukubali.